Kiti Kisicho na Nyumba: Bibi Fundi Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu bahasha nyingi zimefika zikinukia gundi na vanishi. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza imenigusa pabaya, kwa hiyo jibu lake limekuwa refu kuliko nilivyoahidi. Mhariri amenung'unika kidogo, kisha akaniachia nafasi.

Shikamoo Bibi. Natengeneza samani ndogo za nyumba za wanasesere: viti, makabati, vitanda, pia sahani na vyungu vya udongo wa polima, ule wa plastiki unaookwa ukawa mgumu. Miaka minne nimekuwa nikiwagawia ndugu na marafiki, mpaka wakanishawishi nichukue meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Nikalipia siku mbili. Nilipanga vitu zaidi ya sitini juu ya kitambaa cheupe, vingine vya kipimo cha 1:12 (sentimita moja badala ya kumi na mbili za kitu cha kweli), vingine 1:24, na vichache vidogo zaidi. Watu walijaa, Bibi! "Jamani, njoo uone kakiti!" Wakapiga picha, wakaitana, kisha wakaenda kununua sabuni na vikapu kwa jirani zangu. Siku ya kwanza niliuza vitu vinne. Mama mmoja akaniuliza, "Kitu kidogo hivi, bei yote hii?" Neno lile likaniingia. Siku ya pili nikakata bei nusu kwa nusu, nikauza viwili tu, na mteja mmoja akanyanyua kabati langu kwa kushika mlango, bawaba zikang'oka. Je, nishushe bei zaidi, au niachane na biashara niendelee kugawa?
— Mkono Mwepesi

Marahaba mwanangu. Bei usishushe, na meza usiiache.

Hebu turudi pale ulipokuwa umesimama. Kati ya wote waliosema "jamani", wangapi unadhani wana nyumba ya wanasesere kwao? Yalikuwa maonyesho ya kazi za mikono za kila aina, si ya vitu vidogo peke yake. Waliopita walikuja kutafuta kikapu, shali, zawadi ya harusi. Yule aliyeshika kakiti chako alikipenda kwelikweli, usimtilie shaka. Kisha akajiuliza: nikifika nacho nyumbani nikiweke wapi? Juu ya televisheni? Kitaanguka. Kwenye droo? Kitapotea. Akakirudisha taratibu, akaenda kununua sabuni, maana sabuni anajua pa kuiweka. Wewe ulikuwa unamuuzia kiti mtu asiye na nyumba. Hata ungempa kwa robo ya bei, swali lake lingebaki lilelile.

Mimi nililielewa hilo kwa kuchelewa, baada ya maonyesho matano hivi ya kurudi na masanduku yakiwa mazito kama yalivyokwenda. Siku moja nikiwa sina cha kufanya mezani nilichukua kisanduku cha mbao kilichokuja na vifaa vyangu, nikakisimamisha kwa ubavu, nikaweka ndani kiti kimoja, meza ndogo, kitabu kilichofunguliwa na miwani juu yake. Basi. Nilitaka tu kuvikinga na upepo wa feni. Kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wameuliza bei ya "kile chumba". Viti vyangu vingine kumi na moja, vya umbo lilelile, hakuna aliyeviuliza.

Tangu siku hiyo, nikienda kwenye maonyesho ya mchanganyiko, nusu ya mzigo wangu ni visanduku. Chako kitengeneze cha upana wa sentimita 15, kimo 20 na kina 10. Kwa kipimo cha 1:12 hiyo ni kona ya chumba yenye ukuta wa mita 2.4 kwenda juu, kiasi cha kutosha kiti, kijimeza na dirisha. Mbele weka plastiki ngumu angavu inayochomoka kwa kuteleza, nyuma weka ndoano ya kutundikia ukutani. Mteja sasa anaondoka na kitu chenye mahali pake. Na usijaze! Chumba kilichojaa hakiachi jicho litembee. Kiti kilichosogezwa nyuma kidogo, kana kwamba mwenyewe kaenda kufungua mlango, kinauza kuliko viti vinne vilivyopangwa kama vya mkutanoni.

Wala si ujanja wangu. Narcissa Niblack Thorne wa Marekani alikuwa mkusanyaji wa vitu vidogo, na katika miaka ya 1930 akaajiri mafundi wamjengee vyumba vya kuvikalisha. Leo vyumba 68 vimo katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, na watu husogeza pua kwenye kioo wakitafuta kila kona. Vile vitu vingewekwa vimelala juu ya kitambaa cheupe, sijui wangapi wangesimama.

Sasa vile vipimo vitatu mezani. Hapo, mwanangu, nilikaza macho. Kipimo cha 1:12 ndicho chenye wateja wengi. Kimetokana na inchi moja kusimama badala ya futi moja. Cha 1:24 ni nusu yake kwa urefu, lakini ukikiangalia kwa ujazo ni sehemu moja ya nane, ndiyo maana kitanda chako cha 1:24 kikiwekwa karibu na kabati la 1:12 kinaonekana kama kimekosewa. Asiyejua vipimo hatasema "hivi ni viwili tofauti". Ataona tu kuna kitu hakikai sawa, ataondoka bila kujua kwa nini. Chagua kimoja. Ukishindwa kabisa kuachana na vile vidogo, vipe trei yao upande wa mwisho wa meza, na kibao kinachosema kipimo chake.

Anayejua vipimo naye atakuaibisha, kama alivyoniaibisha mimi. Alikuja bibi mmoja mfupi, mkoba begani, akasimama mbele ya seti yangu ya meza na viti sita. Hakusema "jamani". Akafungua mkoba akatoa rula ya chuma, fupi kama kidole, akaisimamisha kando ya kiti. Kimo cha kikalio: sentimita 4.2. Akahamia kwenye meza: sentimita 6. Akanitazama juu ya miwani. "Hiki ni cha nani, jitu? Akikaa hapa magoti yatanyanyua meza." Nikapiga hesabu kichwani huku shingo ikipata joto: 4.2 mara 12 ni zaidi ya sentimita 50, na meza sentimita 72. Alisema kweli. Kiti cha kawaida kikalio chake kipo kwenye sentimita 45 hivi, kwa hiyo kidogo chake kiwe 3.7 au 3.8. Meza ya sentimita 75 inakuwa 6.25. Nilirudi nyumbani nikakata miguu ya viti vyote sita. Maonyesho yaliyofuata yule bibi akaja, rula ikatoka tena, akapima, akalipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Mpaka leo ni mteja wangu, na mpaka leo anapima.

Watu wa aina yake ni wachache kwenye maonyesho ya mchanganyiko, lakini mmoja akikuamini anatosha kulipia meza. Yeye atavuta droo aone kama inafunguka. Atageuza kiti aangalie chini, maana fundi mvivu hasugui msasa mahali pasipoonekana. Frances Glessner Lee, aliyetengeneza vyumba vidogo vya kufundishia wapelelezi kule Marekani katika miaka ya 1940, alifuma soksi za wanasesere wake kwa pini za kawaida. Huyo ndiye mtu wa kumfikiria unapojiambia "hapa hakuna atakayeona".

Kati ya mwenye rula na asiye na nyumba kuna mteja wa tatu: mwenye nyumba ya wanasesere ambayo haijaisha. (Haziishi. Yangu ina miaka kumi na tisa na choo bado hakina mlango.) Huyu hatafuti kabati la fahari, tayari analo. Anatafuta vitu vya idadi: sahani sita zinazofanana, vitasa vya milango minane, vitabu vya kujaza rafu, ndoo, ufagio, balbu. Mtengenezee hivyo, vifunge kwa seti kwenye mifuko midogo angavu, vitundike pembeni ya meza ambako atachagua bila kukuomba ruhusa. Ndivyo vinavyolipa gharama za meza wakati kabati linasubiri mtu wake.

Nije kwenye bei, maana ndiyo iliyokuchoma. Yule mama aliyesema "kitu kidogo hivi" hakuwa na nia mbaya. Katika maisha yake yote kitu kidogo kimekuwa rahisi na kikubwa ghali. Nani amemwambia vingine? Udogo ndio kazi yenyewe. Mguu wa kiti cha kweli ukikosea milimita moja hakuna atakayejua, wako ukikosea milimita moja kiti kinayumba. Usimweleze kwa maneno, utaonekana unajitetea. Chukua kazi ya kufanya mezani. Mimi hukaa na kioo cha kukuza, kibano na bawaba moja, nikiipigilia taratibu. Mtu akiona kibano kinatafuta tundu la pini isiyoonekana, swali la bei linafia mdomoni.

Ila nawe uijue bei yako. Una daftari la saa? Naona kama huna, ungekuwa nalo usingekata nusu. Andika kila kitu kimekula muda gani, ongeza vifaa, kisha gawanya gharama ya meza na usafiri kwa idadi ya vitu unavyotarajia kuuza, si vyote ulivyobeba. Ukikuta kiti kinadai bei ambayo hata wewe usingelipa, punguza muda wa kukitengeneza badala ya kujipunja. Kiti changu cha kwanza cha mgongo wa fito kilikula muda wa saa tano. Nikatengeneza kiolezo cha mbao chenye mifereji ya kushikilia miguu, nikakata vipande vya viti kumi na viwili kwa pamoja, nikagundisha kwa pamoja, nikapaka vanishi kwa pamoja. Vyote vikala saa ishirini na sita, yaani kila kimoja saa mbili na dakika chache. Bei ilishuka bila mimi kuumia. Kabati lenye droo saba halina njia ya mkato. Hilo liweke kwa bei yake, liwe la kuvutia macho, na usilionee haya.

Kuhusu kukata bei siku ya pili: usirudie. Wale wanne wa siku ya kwanza wakipita tena wakaona wamelipa mara mbili, hao umewapoteza. Ukitaka kusogeza mzigo jioni ya mwisho, ongeza kitu. Anayenunua kisanduku mpe kitabu kidogo cha kuweka juu ya meza. Hujashusha heshima ya kazi, na yeye anaondoka akitabasamu.

Meza yenyewe ilikuwa chini mno. Meza nyingi za kukodi zina kimo cha sentimita 75, kwa hiyo mtu mzima anaangalia samani zako kutoka juu kama anayeangalia paa za nyumba akiwa kwenye ndege. Weka masanduku juu ya meza, yafunike, upate ngazi tatu, ya juu ifike kifuani. Kitambaa cheupe nacho kinameza vivuli. Chukua cha kijivu au buluu iliyoiva, kisicho na maua wala manyoya. Mahameli nyeusi naichukia: kila uzi uliodondoka juu yake unaonekana kama kamba ya meli. Taa iwe ubavuni, siyo juu, ili fito zitupe vivuli. Na ile sitini ipunguze mpaka ishirini, nyingine zikae chini ya meza. Bei ziandike. Mtu mwenye haya hataki kuuliza bei akaonekana hana, ataondoka nayo moyoni.

Na kabati, pole. Kosa halikuwa la mteja. Mlango una kitasa, na kitasa kinasema "nishike". Weka mezani kiti kimoja cha kujaribia, chenye kibao "Nishike mimi", uone mikono itakavyotulia. Vingine vibandike kwa nta laini ya kunatisha, kipande kama kichwa cha pini chini ya kila mguu. Havianguki meza ikigongwa, wala havitembei kwenda mfukoni mwa mtu. Jaribu kwanza kwenye mbao isiyopakwa vanishi, maana huko nta huacha doa.

Bawaba zirudishe kwa pini na gundi kidogo sana ya papo kwa papo, uichote kwa ncha ya sindano. Ukiikamua kutoka kwenye chupa, utagundisha mlango ufungwe maisha.

Bibi Fundi, sina raha. Kwenye maonyesho nilimuuzia baba mmoja seti ya vijisahani na vijiko. Wakati nafunga akasema ni zawadi ya mwanawe wa miaka miwili. Nikaona haya kumkatalia. Sasa usiku nawaza vijiko vile. Nifanyeje siku nyingine?
— Asiyelala

Siku nyingine katalia, mwanangu, tena kwa sauti ya upole na uso mkavu. Haya yako haina uzito wa koo la mtoto.

Kuna kipimo ambacho Marekani na nchi za Ulaya hutumia kukagua vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu: kisilinda chenye upana wa milimita 31.7, kilichokatwa mshazari chini, kinachofananishwa na koo la mtoto. Kitu kikiingia chote humo bila kubonyezwa, hakimfai. Nilikunja kadibodi nikapata mrija wa upana huo, nikaanza kutumbukiza kazi zangu. Vijiko vinaingia. Vyungu vinaingia. Vitabu, taa, viatu, paka, vyote vikazama. Kilichobaki nje ni viti, kitanda na kabati, na kabati lenyewe droo zake zilichomoka zikaingia. Mrija ule sasa nakwenda nao. Mzazi akibisha, namkabidhi yeye atumbukize kijiko mwenyewe. Sijawahi kubishana zaidi ya hapo.

Andika kibao mapema, kisomeke kabla mtu hajatoa pesa: "Kazi za wakusanyaji. Si vichezeo vya watoto." Neno hilohilo liwe kwenye kila kifurushi. Wapo watakaocheka wakisema nyumba ya wanasesere isiyo ya mtoto ni kitu gani. Waambie kule Amsterdam, katika jumba la Rijksmuseum, ipo nyumba ya Petronella Oortman, iliyotengenezwa kati ya 1686 na 1710, nayo ilikuwa ya bibi mkubwa mwenyewe. Haikuwa kichezeo cha mtoto. Ukiwa na nafasi ya kazi ya ziada, tengeneza pia kitu kimoja kikubwa cha mbao tupu, bila gundi ya kubanduka wala vipande vya kung'oka, lakini ujue hapo umeingia kwenye biashara ya vichezeo, na nchi nyingi zina sheria zake za kufuata kabla hujauza hata kimoja.

Kuhusu yule baba, kama ulimwandikia risiti yenye namba yake ya simu, mpigie leo. Mwambie utambadilishia bila malipo.

Bibi, kitasa changu cha shaba cha milimita mbili kimeruka kutoka kwenye kibano, kikaangukia zulia la ukumbi wa maonyesho. Nimepapasa mpaka magoti yameuma. Kuna dawa?
— Magoti

Ipo. Acha kupapasa, unakizamisha. Zima taa yako ya juu, laza tochi chini kabisa sakafuni, zungusha mwanga polepole. Shaba itang'aa na kivuli chake kitakuwa kirefu kuliko chenyewe. Kisipoonekana, azima mashine ya kufyonza vumbi kwa wasafishaji wa ukumbi, vuta soksi nyepesi ya nailoni juu ya mdomo wa bomba, ikaze kwa mpira, fyonza eneo lote. Kitasa kitanasa kwenye soksi. Mimi kwa njia hiyo nilitafuta kitasa kimoja nikapata viwili, na hereni.

Kwa siku zijazo, shona aproni yenye upindo mpana, ule upindo ubane kwenye ukingo wa meza kwa vibanio vya nguo. Kinachoponyoka kinakuangukia mapajani. Kumbuka tu kuifungua kabla hujainuka kumsalimia mteja.